Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanafunzi

Mwaka huu nilimnyang'anya mwanafunzi riwaya darasani, nikisema hadithi za kubuni ni upuuzi. Usiku nikaifungua. Ilikuwa Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mtoto mdogo, anatolewa na babake kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye hana habari.

Nasomesha utenzi wa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa magofu ya Pate. Utenzi huo umenifunza nisihadaike na dunia. Riwaya imenitia huruma kwa watoto wanaolipishwa madeni ya wakubwa.

Nilimrudishia kitabu chake, nikamtaka radhi. Wazazi na walimu wenzangu, tusome kwanza, kisha tuhukumu.