Kamera Mbili Katika Pwani ya Kionga na Ibo

Mto Ruvuma hauingii baharini kwa haraka. Kwanza hutawanyika kati ya mikoko na mafungu ya mchanga, maji yake ya rangi ya udongo yakikutana na maji ya chumvi baina ya Msimbati upande wa Tanzania na Kionga upande wa Msumbiji. Kuanzia hapo kwenda kusini ndiko iliko pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado: Kionga yenyewe, Palma na ghuba yake ya Tungi, Mocímboa da Praia, Pangane, kisha mlolongo wa visiwa vya Kirimba, ambavyo Ibo ndicho mashuhuri kuliko vyote. Wenyeji wa pwani hiyo ni Wamwani, na pamoja nao wako Wamakonde, Wamakua na Waswahili. Mtu wa Mtwara au Kilwa akisikiliza Kimwani sokoni hayuko ugenini. Maneno mengi atayatambua kabla hajafundishwa.

Ni pwani iliyogombaniwa sana. Mwaka 1887 Wareno waliitwaa ghuba ya Tungi kutoka kwa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1894 Wajerumani wakaikalia Kionga. Wareno wakaichukua mwaka 1916 wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Katika miaka hii ya karibuni imejulikana kwa msiba mwingine. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, Palma ikavamiwa Machi 2021, na mamia ya maelfu ya watu wakayahama makwao. Majeshi ya Rwanda yaliingia Julai 2021. Mwezi huo huo Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilipeleka kikosi chake, Tanzania ikiwa mmoja wa washiriki, na kikosi hicho kikamaliza muda wake Julai 2024. Mashambulizi hayajakoma kabisa. Kwa hiyo hakuna anayeshauriwa kwenda huko kwa matembezi bila ya idhini na taarifa sahihi za usalama.

Hata hivyo wako wanaokwenda: askari kwa amri, wauguzi na watumishi wa misaada kwa kazi zao, wachuuzi kwa riziki, na jamaa ambao mpaka umewagawa. Karibu kila mmoja hutaka kurudi na picha. Simu ya mkononi yatosha kwa picha ya salamu, lakini anayetaka picha ya kuhifadhi huanza kuulizia kamera, na katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika atakuta aina mbili zenye bei zinazokaribiana. Ya kwanza ni kamera kubwa ya kioo, ile waliyoitumia wapiga picha wa magazeti miaka kumi na mitano au zaidi iliyopita. Ya pili ni kamera ndogo ya mfukoni yenye lenzi ya kuvuta mbali mno.

Ili maneno yasiwe ya hewani, na ichukuliwe Nikon D700 iliyotolewa mwaka 2008, na Canon PowerShot SX740 HS iliyotolewa mwaka 2018. Ya kwanza ina uzito wa kilo moja kabla ya kufungwa lenzi. Ya pili, pamoja na betri na kadi yake, haifiki gramu 300. Ya kwanza hupiga picha ya megapikseli 12, ya pili megapikseli 20. Mnunuzi mgeni husoma tarakimu hizo na kudhani kwamba mdogo amemshinda mkubwa. Kumbe siri haimo katika tarakimu hizo. Imo katika ukubwa wa bamba la kupokea nuru. Bamba la kamera kubwa lina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawasawa na kipande cha filamu ya zamani. Bamba la kamera ndogo ni kama milimita 6 kwa milimita 4 na nusu. Eneo la lile la kwanza ni mara 30 hivi ya hili la pili. Ni sawa na kukinga mvua kwa sufuria ya harusini na kwa kikombe cha kahawa: mvua ikinyesha kwa nguvu vyote viwili hujaa, lakini manyunyu hukitofautisha kimoja na kingine.

Na mwangaza wa pwani hii, mchana, ni mvua ya masika. Pwani yenyewe inatazama mashariki. Asubuhi jua hutoka baharini, na mwenye kuielekezea bahari kamera yake hupigwa na jua usoni; vyombo vyote huwa vivuli vyeusi. Baada ya saa tisa alasiri jua huwa nyuma ya mgongo wake, na ndipo matanga ya mashua zinazorudi Tungi huonekana yalivyo, viraka na kamba na mikono inayoyavuta. Hapo kamera ndogo haina mpinzani. Lenzi yake huvuta mara 40, sawa na lenzi ya milimita 960 katika kamera kubwa. Anayetaka kufika umbali huo kwa kamera ya kioo atahitaji lenzi ya milimita 600 yenye uzito wa kilo tano hivi, na bado atahitaji kipande cha kuikuzia. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepanda mashua na mzigo huo.

Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wa nundu hupita mbele ya Vamizi na visiwa vya jirani, wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu. Hutokea ghafula, hupumua, huinua mkia na kutoweka. Mwenye kamera ndogo aweza kumpata mnyama huyo akiwa mbali, naye mwenye lenzi ya kawaida atarudi na picha ya bahari yenye doa. Ila kuna sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji. Joto la mchana huifanya hewa iliyo juu ya maji itetemeke, na lenzi inayovuta mbali huuvuta na huo mtetemo. Picha iliyopigwa saa saba mchana, chombo kikiwa kilomita mbili, huonekana kama iliyochorwa kwenye maji. Dawa yake si kamera ghali zaidi bali ni kuamka mapema, au kungoja alasiri ya upepo.

Kamera hiyo ndogo ina upungufu mwingine unaoudhi sana ufukweni: haina tundu la kuchungulia. Mpiga picha hutazama kioo cha nyuma, na jua kali hukifanya kioo hicho kiwe cheusi kama sinia la bati. Watu huonekana wakiifunika kamera kwa kofia au kwa ncha ya shuka. Kamera kubwa huwekwa jichoni, na jicho huona kile kile ambacho lenzi inakiona, jua liwe kali kiasi gani.

Mambo hubadilika kabisa jua linapotua. Kwa kuwa bara liko magharibi, ufuo huingia kivulini mapema, minazi ikilikinga jua kabla halijazama. Na katika nchi hizi magharibi haikawii. Huo ndio wakati ambapo mji wa pwani kama Mocímboa da Praia huwa hai: samaki wanagawanywa, moto unawashwa, wanawake wanateremka ufukweni wakiwa wamejipaka musiro. Musiro ni mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji hadi uwe uji mweupe wa kujipaka usoni. Uso mweusi uliopakwa musiro, katika nusu giza, ni mtihani mkubwa kwa kamera yoyote. Kamera ndogo hulazimika kulikuza lile tone dogo la nuru ililolipata. Weupe wa musiro hugeuka kuwa doa lisilo na chochote ndani yake, na ngozi hujaa chembechembe kama mchanga. Kamera kubwa, ikifungwa lenzi fupi ya milimita 50 iliyo nyepesi na ya bei nafuu, huhifadhi vyote viwili: mikwaruzo ya vidole ndani ya musiro, na mng'ao wa ngozi pembeni yake. Katika jambo hili ile ya mwaka 2008 bado haijashindwa na kamera yoyote ndogo ya mfukoni yenye lenzi ya kuvuta namna hiyo.

Lakini lenzi ya milimita 50 ina sharti lake. Anayetaka uso ujae picha humbidi asimame hatua mbili kutoka kwa mwenye uso. Hawezi kufanya hivyo kwa siri. Humbidi aamkie, ajitambulishe, aombe, na akikataliwa ashushe kamera. Kamera ndogo humwondolea taabu hiyo: aweza kusimama nyuma ya ukuta, hatua mia, akamchukua mama anayenyonyesha na mama asijue. Wapo wanaouita uwezo huo kuwa ni faida. Katika pwani ambayo watu wamefukuzwa makwao, ambako mtu asiyejulikana amekwisha kuwa ni jambo la kuogopesha, ni vigumu kukubaliana nao.

Wala jambo hilo haliwahusu raia peke yao. Mlinzi aliye kizuizini, anapoona kitu kirefu cheusi kikielekezwa kwake kutoka mbali, hana muda wa kuuliza ni cha kampuni gani. Mjini Baghdad, tarehe 12 Julai 2007, askari wa Marekani waliokuwa katika helikopta waliidhania kamera yenye lenzi ndefu kuwa ni silaha. Mpiga picha wa shirika la Reuters, Namir Noor-Eldeen, aliuawa pamoja na mwenzake Saeed Chmagh na watu wengine. Katika Cabo Delgado yenyewe, Januari 2019, mwandishi mmoja wa redio ya jamii alikamatwa huko Macomia alipokuwa akikusanya habari za watu waliokimbia vijiji vyao, akakaa kizuizini hadi Aprili. Kwa hiyo kamera kubwa hudhaniwa silaha, na ndogo hudhaniwa ujasusi. Njia iliyo salama katika kambi, bandari, daraja na kizuizi ni moja: kutopiga kabisa bila ruhusa ya mkubwa wa mahali. Na askari anayemkuta raia na kamera ya namna yoyote afanye vema kwanza kumtaka aonyeshe picha zake.

Kusini zaidi, Ibo huwapa wenye kamera zote mbili kazi ya kutosha. Ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, ndani yake wamo masonara wafuao fedha. Huyeyusha fedha, huivuta iwe uzi mwembamba, kisha huusokota uzi huo kuwa mikufu na hereni. Chumbani nuru ni ya dirisha moja. Hapo ni kazi ya kamera kubwa. Nje, bahari inapokupwa, maji hurudi nyuma mbali sana, na wanawake huenda kwa miguu juu ya mafungu kutafuta chaza na pweza. Kuwafuata huko, maji yakiwa magotini na kilo mbili za vyuma shingoni, ni adhabu. Ile ya gramu 300 hukaa katika mfuko wa shati.

Adui wa kamera zote mbili ni chumvi. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kurudi ndani kila inapowashwa, na chembe ya mchanga iliyonata juu yake huingizwa ndani; ikifika huko hakuna fundi wa kijijini atakayeitoa, na mara nyingi kamera huwa imekwisha. Kamera kubwa imezibwa viungo vyake, lakini ole wake anayebadilisha lenzi ufukweni: vumbi hutua juu ya bamba, na kila picha huwa na madoa mahali pale pale. Jioni kamera ifutwe kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Isihifadhiwe katika mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu, na kuvu huota juu ya kioo cha lenzi kama utando wa buibui. Kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ndani yake mchele uliokaangwa ukapoa, umefungwa katika kitambaa, latosha. Mchele ubadilishwe kila juma. Na umeme unapokuwa wa shida, ikumbukwe kwamba betri moja ya kamera kubwa hupiga picha 1,000 hivi, na ya ndogo hupiga 265.

Kwa familia inayotaka kamera moja tu, na isiyo na haja ya nyangumi, ile ya zamani ndiyo ya kununua, maadamu imekaguliwa kuvu na ina lenzi ya milimita 50. Anayesafiri kwa mashua na kutembea sana achukue ndogo, akijua kwamba jioni itamwangusha.

Liko jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalizungumzi, nalo ni karatasi. Wengi waliokimbia Palma na Mocímboa da Praia waliondoka mikono mitupu, na pamoja na nyumba walipoteza vitambulisho, vyeti na picha zote za wazee na watoto wao. Picha iliyobaki ndani ya kadi ya mgeni haiwasaidii. Megapikseli 12 za kamera kubwa zatosha picha safi ya sentimita 30 kwa 45 ya kutundikwa ukutani, lakini aliyepigwa picha aghalabu huridhika na ile ya sentimita 10 kwa 15, mradi aipate. Isafishwe Pemba au Mtwara, nyuma yake iandikwe jina, mahali na tarehe kwa kalamu ya risasi, itiwe katika mfuko wa nailoni dhidi ya unyevu, na ikabidhiwe mtu aendaye huko.