Alianza na Goti Lisilouma

Siku hizi mchezaji wangu akianguka uwanjani akashika goti, kabla ya barafu wala bandeji natazama saa. Halafu naanza kuuliza. Mguu ulikuwa umekanyaga chini au ulikuwa hewani? Umesikia kitu kikialika? Unaweza kupiga hatua nne? Wasichana wa timu wamenipachika jina la Daktari, na wala halinichukizi, maana maswali yenyewe nimeyatoa kwa daktari.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na nafundisha netiboli. Niliumia kwenye mechi ya walimu, nikicheza senta. Wanaoujua mchezo huu wanajua kwamba ukidaka mpira hukimbii nao. Unatua na kusimama papo hapo. Nilitua kwa mguu wa kulia, kiwiliwili kikaendelea kugeuka kumtafuta mfungaji, unyayo ukabaki pale pale. Hakuna aliyenigusa. Goti likaalika ndani kwa ndani, nikakaa chini. Kabla jua halijazama lilikuwa limejaa hata pia ya goti haionekani.

Kituo nilichoanzia walinipiga eksirei. Mfupa haujavunjika, wakasema, ni mshtuko tu. Wakanipa diklofenaki na bandeji ya kuvutika, nikaambiwa nipumzike. Nyumbani kila aliyekuja kunipa pole aliacha na dawa yake: maji ya moto yenye chumvi, mafuta ya kuchua, namba ya simu ya fundi wa kuunga mifupa. Uvimbe ukapungua, nikarudi kazini. Nikitembea kwenda mbele, goti lilinibeba bila shida. Nikigeuka ghafla kutoka ubaoni kwa sababu kuna mwanafunzi anazungumza nyuma, lilikuwa linaniachia: paja linakwenda kwake, muundi unakwenda kwake.

Nilipopewa rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa nilikwenda na bahasha ya eksirei, nikijua ndiyo itakayonisemea. Aliipokea, akaiweka dirishani bila kuifungua.

“Mwalimu, hebu nisimulie siku ile. Anzia ulipodaka mpira.”

Nikasimulia. Alinikatiza mara kwa mara, na kila alipokatiza alitaka kitu kidogo mno. Je, niliendelea kucheza au nilitoka? Niliposema goti lilivimba siku ile ile, hakuridhika: baada ya saa moja, mbili, au usiku? Baadaye alinieleza kwa nini. Goti likijaa ndani ya saa chache, aghalabu kilichojaa ni damu, na mara nyingi inatoka kwenye kano iliyochanika, ile ya mbele kati ya kano mbili zinazopishana katikati ya goti. Menisko, yaani vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi, vikichanika peke yake uvimbe huwa wa polepole, hata mtu akagundua asubuhi ya pili. Mlio, kushindwa kuendelea na mchezo, kuvimba mapema: yakikutana yote kwa mtu aliyejipinda mwenyewe bila kugongwa, daktari anaishuku kano hiyo kabla hajamgusa. Akauliza pia kama goti huwa linakwama, lisinyooke hata nikilazimisha. Halikuwa likikwama. Angesikia ndiyo, alisema, tungekuwa na haraka zaidi, kwa sababu kipande cha menisko kinaweza kuwa kimebanwa katikati.

Ndipo akanisimamisha, akanitembeza, akachukua futi kamba na kupima mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa limesinyaa. Kisha akanilaza chali na kuanza na mguu wa kushoto.

“Daktari, ni huu mwingine,” nikamwambia.

“Najua, mama. Huu ndio utakaoniambia goti lako lilikuwaje kabla ya mechi.”

Kuna watu wana viungo vilegevu tangu kuzaliwa na hawana ugonjwa wowote. Goti la mtu hulinganishwa kwanza na ndugu yake wa upande wa pili. Jambo hili lilinikaa kichwani kuliko yote niliyoyaona pale.

Alilikunja goti kidogo tu, nyuzi 20 au 30 hivi. Mkono mmoja ukashika paja kwa juu, mwingine ukashika muundi kwa nyuma, akauvuta mbele kwa mvuto mfupi. Goti la kushoto lilisogea kidogo likagota. Nilikusikia kule kugota mwenyewe, kama kamba iliyofika mwisho. Akahamia la kulia, akavuta vile vile. Halikugota. Muundi ulikuja tu, ukaendelea kuja, na haukuniuma hata kidogo, jambo lililonitisha kuliko maumivu. Nilimuuliza mbinu hiyo inaitwaje, akasema ni kipimo cha Lachman, jina la daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia. Kilielezwa kwa maandishi mwaka 1976, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vinavyoaminika zaidi kwa kano ile. Vifaa vyake ni mikono miwili na mgonjwa aliyelegeza mguu.

Kulegeza mguu ndiyo kazi. Goti lililojaa damu na linalouma hujikaza. Misuli ya nyuma ya paja huushika muundi usisogee, na mpimaji anaweza kudhani kano ni nzima. Ndiyo maana wataalamu hupenda kumrudia mgonjwa baada ya siku kadhaa, uvimbe ukishapungua. Kwa hiyo sikuwalaumu sana wale wa mwanzo, ila wangeniambia nirudi. Na eksirei yao ilikuwa halali. Kuna kanuni zilizotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, katika miaka ya 1990: aliyeumia goti apigwe picha akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, au anaumia pale pale kwenye pia ya goti au kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni, au hawezi kulikunja hadi nyuzi 90, au hawezi kupiga hatua nne tangu alipoumia na hata mbele ya mpimaji. Mimi hatua nne sikuziweza. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Kano na menisko hazionekani humo, na “haujavunjika” siyo sawa na “hujaumia”.

MRI ilikuja mwisho. Ni ghali, na ukiwa ndani ya ile mashine inagonga kwelikweli. Jibu lilipotoka, kano ilikuwa imekatika, menisko zimesalimika. Daktari hakushangaa, kano alishaijua kwa mikono, alitaka kujua kama kuna kingine. Tukazungumza kuhusu upasuaji na kuhusu mazoezi. Kwa kuwa sikuwa na nia ya kurudi uwanjani kucheza, nilianza na fiziotherapia, na mpaka sasa goti limetulia. Kuna ambao haliwatulii, na hao hupasuliwa.

Kilichobadilika zaidi ni kazi yangu. Nawafundisha wasichana kutua kwa magoti yaliyokunjwa, yasiingie ndani, maana katika michezo ya kuruka na kugeuka wao huumia kano hii zaidi kuliko wavulana. Na anayeumia hatoki shuleni mikono mitupu. Naandika kwenye karatasi alivyotua, alichosikia, saa aliyoanguka na saa goti lilipovimba. Mganga mmoja aliniambia karatasi ile humpunguzia nusu ya kazi.

Mama mkwe wangu, aliyepita miaka 60, ndiye sijamweza. Goti linamuuma ngazini, akapigwa MRI, ikaandikwa menisko imechanika, naye akaamua apasuliwe. Nilimweleza utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008: kati ya watu wa makamo na wazee waliokutwa na menisko zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote ya goti mwezi uliotangulia. Nikamweleza na wa Finland wa mwaka 2013, ambamo waliokatwa menisko iliyochakaa hawakupata nafuu kuwazidi waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza. “Hao ni Wazungu,” akasema, “na goti ni langu.” Daktari wake amempangia mazoezi ya mapaja kwanza. Anayafanya kila jioni barazani, huku akimwambia kila apitaye kwamba angekuwa na mkwe mwenye huruma angeshapasuliwa zamani.