Thamani ya Santuri Kuukuu

Miongoni mwa vitu vilivyosukumwa stoo tangu kanda, na baadaye simu za mkononi, zilipochukua kazi ya kuimba majumbani mwetu, santuri zimerudi sokoni kwa namna isiyotazamiwa. Kitu ambacho watoto walikifanya gurudumu la kigari sasa huulizwa bei na watu waliovuka bahari. Basi swali la wengi, kwamba santuri hizi ni fedha au ni takataka, lastahili kujibiwa kwa utulivu, kwani wapo waliouza kwa bei ya karanga, na wapo wanaong'ang'ania vitu visivyo na mnunuzi.

Hatuna budi kwanza kutenganisha aina mbili. Santuri kongwe, zizungukazo mara 78 kwa dakika, hazikufanywa kwa vinaili, bali kwa ulimbo utokao kwa mdudu, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, zavunjika kama sahani ya udongo, na upande mmoja wa ile ya inchi 10 hauchukui zaidi ya kama dakika 3. Santuri alizoimba Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 ni za jamii hiyo. Za vinaili zilikuja baadaye: ile kubwa ya nyimbo nyingi ilitoka Marekani mwaka 1948, na ndogo izungukayo mara 45 ikafuata mwaka 1949. Hizi hazivunjiki upesi, ila joto huzipinda. Nazo zikipigwa kwa sindano nene ya chuma ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, mitaro yake huharibika pasipo dawa.

Sisi tulilazimika kulichunguza jambo hili kwa sababu ya mirathi. Baba yetu, aliyefanya kazi ya reli huko Tanga, aliacha nyumba, shamba dogo la minazi, na kasha la santuri 83. Nyumba haikuleta ugomvi; kasha lilileta. Mnunuzi mmoja alifika akataka kulichukua lote kwa bei moja, siku hiyo hiyo, wala hakupenda lifunguliwe mbele yetu. Ndugu zetu wawili walikuwa tayari kumpa, kwa kuwa ada za watoto zilikuwa zimefika na shule haingojei. Sisi wengine tulishika msimamo kwamba mali ya marehemu hugawanywa baada ya kujulikana thamani yake, na kwamba haraka ya mnunuzi ilikuwa yenyewe ni dalili.

Tulizipangusa kwa kitambaa laini, tukazitazama moja moja kwa mshazari katika jua la asubuhi, ambalo halifichi mkwaruzo. Hali ya santuri ndiyo nusu ya bei yake. Mfuko wa awali ukiwapo, bei hupanda. Jina la mwenyewe likiwa limeandikwa kwa wino juu yake, kama alivyozoea baba, hushuka. Kisha husomwa nambari zilizochorwa katika sehemu tupu karibu na karatasi ya katikati, maana hizo husaidia kujua kama ni chapa ya kwanza au ya kurudiwa. Ama bei zinazotajwa katika intaneti zisimlevye mtu. Kila mmoja aweza kuitaja atakayo. Ya kutazamwa ni ile iliyokwisha kulipwa.

Hapo ndipo tulipoona kwamba umri si thamani, wala sifa si thamani. Santuri 6 za Jim Reeves, ambazo baba alizipenda kupita zote, zilikuwa safi, lakini zilipigwa chapa kwa wingi mno duniani kiasi kwamba hakuna azitafutaye. Zilizoulizwa ni zile ndogo za kwetu, ambazo jirani yetu mmoja alitushauri tuzichome!

Sababu yake ni hii. Bendi zetu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye utepe kwa ajili ya kutangazwa, si kwa kuuzwa. Aliyetaka santuri alivuka mpaka. Mombasa palikuwa na duka la Assanand, lenye chapa ya Mzuri, na huko ndiko Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, alikorekodi baadhi ya nyimbo zake. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, santuri zake zilitoka Nairobi. Hazikufichwa kabatini hizo. Zilipigwa arusini usiku kucha, kwa sindano iliyochoka, na vumbi likiingia. Iliyobaki safi ni adimu kwa hakika. Na tangu Wafaransa walipoanza kutoa mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, na London ikatoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, masikio ya mbali yamezielekea. Lakini auzaye na ajue kwamba huuza sahani, hauzi wimbo. Haki ya kuunakili ni jambo jingine, nayo inalindwa na sheria ya mwaka 1999.

Tuliuza santuri 14, moja moja, kwa muda wa miezi minne. Fedha zake zilizidi bei ya kasha zima aliyotaja yule mnunuzi, na ada zikalipwa, ingawa kwa kuchelewa muhula mmoja, jambo ambalo ndugu zetu wale wawili hutukumbusha hadi leo. Zilizochakaa 53 tulimpa yeye huyo huyo kwa fedha kidogo. Ya Siti, yenye nembo ya mbwa asikilizaye gramafoni, ina ufa ukingoni. Dada yetu mkubwa aliichukua ikahesabiwa katika fungu lake. Jim Reeves amebaki kwa mama. Zile 9 zilizovunjika hazina bei yoyote. Zimo kashani bado, na mama amekataa zisitupwe mpaka apate mtu wa kumsomea majina yaliyoandikwa juu yake.