Ada: Neno Moja, Nyuso Mbili

Neno "ada" limetujia kutoka Kiarabu, na kamusi zetu hulipa maana mbili: desturi iliyozoeleka, na malipo yanayotolewa ili mtu apate huduma. Tunasema "mila na ada" tunapozungumzia mwenendo wa jamii, na "ada ya shule" tunapohesabu fedha. Kwa miaka mingi darasani nililitumia neno hili kama mfano wa maana zaidi ya moja. Sasa, nikiwa mstaafu, kadi ya benki ya mwanangu imenionyesha jinsi maana hizo zinavyofungamana: malipo yanayorudiwa kila mwaka bila kuulizwa hugeuka desturi, na desturi haidaiwi hesabu.

Mwanangu anaishi Marekani na mkewe na watoto wao wawili. Kwa miaka kadhaa amekuwa na kadi ya mkopo ya wasafiri. Kila anaponunua kitu kwa kadi hiyo hupata pointi, na pointi zikikusanyika hugeuka tiketi ya ndege. Mara mbili nimekwenda kuwaona wajukuu kwa tiketi za namna hiyo. Benki yake ilipomwarifu kwamba ada ya mwaka inapanda na manufaa yanabadilika, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akasema: "Baba, nataka kuiacha hii kadi. Lakini nikiiacha, utakujaje?"

Swali hilo lilinigusa kuliko habari yenyewe ya ada. Kumbe alikuwa akilipa kwa ajili yangu, na kwa heshima ya mzazi hakuthubutu kuacha.

Hali hii haikumpata yeye peke yake. Kadi ya Chase Sapphire Reserve ilipoanza mwaka 2016, ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka. Mwaka 2020 ikawa dola 550, na mwaka 2025 ikafika dola 795. Kadi ya Platinum ya American Express ilipanda kutoka dola 450 hadi 550 mwaka 2017, ikawa 695 mwaka 2021, kisha 895 mwaka 2025. Pamoja na kupanda huko, orodha ya manufaa nayo hurefushwa, hata jumla yake kwenye karatasi ikaizidi ada kwa mbali. Msomaji wa tangazo huona kama benki ndiyo inayopata hasara.

Hapo ndipo sisi wapenzi wa lugha tunapaswa kusoma taratibu. "Manufaa" ni ndugu wa "kufaa", na kitu hakifai hewani tu. Sharti kimfae mtu fulani, mahali fulani, kwa wakati fulani. Chukua mfano wa kadi hiyo ya Platinum. Humpa mteja dola 200 kwa mwaka za kulipia usafiri wa Uber, lakini hazitolewi kwa mkupuo. Huja dola 15 kila mwezi na 35 mwezi wa Desemba, hutumika ndani ya Marekani pekee, na zisipotumika mwezi ule hupotea. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba. Hawakukutana na kibaba kinachomwagwa kila mwisho wa mwezi.

Nilimwomba mwanangu achore safu mbili kwenye karatasi. Katika safu ya kwanza aandike manufaa yanayolipia kitu ambacho angekinunua hata bila kadi. Katika ya pili aandike yale yanayomvuta kununua kitu ambacho hakukihitaji. Fedha za kurudishiwa nauli alizokwisha kulipa ziliingia safu ya kwanza. Punguzo la mikahawa ya anasa na tiketi za matamasha yalikwenda safu ya pili, kwani kazi yake ni ya zamu za usiku na matamasha huyasikia redioni. Kumbi za mapumziko za viwanja vya ndege aliziandika katikati ya mstari. Huzipenda, lakini huzipitia mara moja kwa mwaka. Safu ya kwanza ilipojumlishwa, haikuifikia ada.

Palikuwa na jambo moja aliloogopa kulipoteza. Kadi nyingi za kawaida za Marekani hukata karibu asilimia 3 kwa kila malipo yanayofanywa nje ya nchi. Kwa matumizi ya dola 2,000 wanapokuja nyumbani, hizo ni dola 60. Kadi yake haikuwa na makato hayo. Hata hivyo, zipo kadi za safari zenye ada ya dola 95 hivi ambazo nazo hazina makato hayo. Nikamkumbusha pia kwamba hotelini Dar es Salaam au Mombasa, mashine ikiuliza kama alipe kwa dola au kwa shilingi, achague shilingi. Akichagua dola, fedha hubadilishwa kwa kiwango cha upande wa mfanyabiashara, ambacho mara nyingi huwa ghali zaidi.

Benki hupenda kuziita pointi "zawadi". Neno hilo nalo linahitaji kupimwa. Zawadi hutoka mkononi mwa anayetoa, ilhali sehemu kubwa ya fedha za pointi hutoka kwenye makato anayotozwa muuzaji kila kadi inapotumika. Muuzaji naye huyaweka katika bei, hivyo hata anayelipa kwa fedha taslimu huchangia. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ya kadi za mkopo mwaka 2015, na kadi za huko hutoa pointi chache kuliko za Marekani. Mchango mwingine hutoka kwa wanaobakiza deni mwisho wa mwezi, kwa riba ambayo Marekani mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye deni la namna hiyo asizungumze kwanza habari za pointi.

Hakuifunga kadi kwa hasira. Kwanza alizihamishia pointi zake kwenye shirika la ndege, kwa kuwa pointi zilizobaki benki zaweza kupotea akaunti inapofungwa. Kisha aliomba benki imhamishie kwenye kadi yao ya ada ndogo, nao wakakubali.

Katika harusi zetu za pwani kuna kilemba cha baba na mkaja wa mama. Ni ada kwa maana zote mbili, lakini kila moja ina mwenyewe na sababu yake, na wazee huketi kuzizungumza kabla hazijatolewa. Nilimwambia mwanangu kwamba ada ya benki nayo inastahili kikao chake. Nikamwambia pia kwamba kumtembelea si mojawapo ya manufaa ya kadi. Ikiwa nilikuwa nikienda kila baada ya miaka miwili, sasa nitakwenda kila baada ya mitatu, na tiketi tutainunua kwa fedha tunayoiona. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Baba." Sitadai kwamba mwaka huo mmoja wa ziada si mrefu kwa mtu wa umri wangu.

Benki yake hutoza kila Machi. Tumekubaliana kwamba kila Februari atanipigia simu tuchore upya safu zile mbili. Hiyo ndiyo ada, kwa maana ile ya kwanza, ambayo ningependa idumu kati yetu.