Mayai ya mama na mashine yenye wazimu

Wadau, najua nimepotea. Sikuwa safarini wala sijaacha kazi gazetini (ingawa mhariri wangu anaweza kuwa na maoni tofauti). Nilikuwa nabishana na boksi.

Boksi lenyewe ni mashine ya kutotoleshea vifaranga niliyoiunda mwenyewe: balbu mbili, rilei ya kuziwasha na kuzizima, kihisi joto aina ya LM35, na kompyuta ndogo ya chipu moja, ATmega328P, ile ile inayokaa kwenye bodi za Arduino. Joto likiwa chini ya nyuzi 37.5, iwashe balbu. Likifika hapo, izime. Basi.

Mama alinitumia mayai 30 ya kuku wa kienyeji kwa basi, kila yai limeviringishwa kwenye karatasi ya gazeti. Gazeti letu! Siku ya 21 ikafika, kimya. Siku ya 24 wakatoka vifaranga wanne, wawili wakafa usiku ule ule. Nilipompigia mama akasema, "Si neno, mwanangu." Afadhali angenifokea.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Ukiwasha mashine, inatulia kama mtoto aliyeshiba. Boksi likishapata joto, rilei inaanza kugonga tiki-tiki-tiki kama cherehani na balbu zinapepesa kama disko la harusi. Nikakishuku kihisi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kingine. Tiki-tiki. Nikaandika programu upya usiku kucha. Tiki-tiki. Halafu kulikuwa na hili ambalo nililiona kila siku nikalipuuza: kipimajoto cha kawaida nilichoning'iniza ndani hakikuwahi kupita nyuzi 36.

Aliyeniokoa ni fundi redio wa mtaani kwetu, mzee ambaye hajawahi kuandika programu hata moja.

"Mwandishi, umepima umeme?"

"Nimepima, mzee. Volti 5 kamili."

"Umepima imelala. Ipime inafanya kazi."

Tukashika mita. Rilei ilipovuta tu, 5 ikawa 4.8. Chaja ya simu ya bei poa, waya nyembamba kama uzi.

Volti 0.2, kitu gani hicho? Ni kila kitu. LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo nyuzi 36 ni milivolti 360 tu. Chipu inazipima kwa kuzilinganisha na umeme wake yenyewe, huku programu yangu ikiamini umeme huo ni volti 5 siku zote. Umeme ukishuka hadi 4.8, nyuzi 36 zinasomeka 37.5. Chipu inazima balbu. Rilei ikiachia, umeme unapanda, joto linasomeka 36, inawasha tena. Tiki-tiki. Kihisi nilichokitukana wiki nzima kilikuwa kinasema kweli. Rula ndiyo iliyokuwa inanywea. Na mayai ya mama yalilala kwenye baridi ya nyuzi moja na nusu kwa siku 24.

Tiba haikuchukua hata saa mbili. Rilei nimeipa chaja yake peke yake. Chipu nimeiambia ilinganishe na volti 1.1 iliyomo ndani yake, isiyoyumba na chaja (siyo 1.1 kamili kwa kila chipu, nikairekebisha kwa kipimajoto). Sasa inaona hadi tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Balbu zinawaka kwenye 37.3, zinazima kwenye 37.7.

Mzee alikataa hela. Alitaka soda, akanywa mbili.

Jumapili nilimwomba mama mayai mengine. Akauliza mangapi. Nikasema kumi tu kwanza. Akacheka sana, halafu akatuma 30. Leo ni siku ya tano, na kesho kutwa nitayamulika kwa tochi nione kama kuna mishipa.