Kilindini na Sisi wa Kampala

Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili, na majina yake yanaeleza mengi. Bandari ya Kale, upande wa mashariki, karibu na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iliyafaa majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi. Meli kubwa zilihitaji maji ya kina, yaani kilindi. Ndiyo maana zikahamia magharibi, Kilindini.

Reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896 ilifika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo bandari hiyo ni yetu pia, tupende tusipende. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera, na petroli ikaadimika hapa Kampala. Nilikuwa mdogo, nakumbuka shangazi akitembea kwa miguu kwenda sokoni Nakawa kwa sababu nauli ya bodaboda ilimshinda.

Wenzangu chuoni huniuliza kwa nini nasoma Kiswahili, lugha ya askari. Mimi huwatajia ngano, magari na mitumba yetu: tangu Kilindini hadi mpakani Malaba, makuli, makarani wa forodha na madereva wa malori huelewana kwa lugha hiyohiyo.