Maji Yapandayo Mlima na Ndege Iliyokataa Kutua

Shangazi yetu alifariki Machakos usiku wa kuamkia Jumamosi, katikati ya mwezi wa Julai. Mazishi yalipangwa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa maiti hacheleweshwi, nasi dada watatu tulioko Mombasa tukakata tikiti za ndege ya alfajiri. Tulihesabu kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi hadi Machakos ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, na kwamba tungefika tukamwona mara ya mwisho kabla hajatolewa nyumbani. Hesabu ilikuwa sahihi. Tulichosahau kukitia hesabuni ni ukungu wa bara.

Tuliondoka Mombasa kwenye joto na anga safi. Upande wa kushoto kilele cha Kilimanjaro kilichomoza juu ya mawingu, na chini yake hapakuonekana mto, barabara wala kijiji, ila tandiko jeupe lililoenea hadi macho yalipokoma. Ndege zitokazo pwani hupita jirani na Machakos zikielekea Nairobi, kwa hiyo shangazi alikuwa chini yetu mahali fulani, amekwisha koshwa na kuvishwa sanda. Siku hiyo ndege zilielekezwa kutua kutokea kaskazini-mashariki. Tukazungushwa, tukaingia ndani ya weupe, magurudumu yakatolewa kwa kishindo, abiria wakanyamaza. Kisha ghafla mitambo ikanguruma, pua ya ndege ikainuka, nasi tukabanwa vitini tukipanda tena. Mwanamke aliyeketi nyuma yetu akaanza kutamka shahada kwa sauti.

Rubani akatangaza, kwa sauti ya mtu asomaye bei sokoni, kwamba alishuka hadi kipimo alichoruhusiwa na hakuiona njia ya kutulia. Akajaribu mara ya pili, ikawa vilevile. Basi akasema tunarudi Mombasa. Tulipowasha simu zetu uwanjani Mombasa, tulikuta neno moja la binamu yetu: "Tumeshamzika."

Tukaenda kwa gari. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, Sultan Hamud, mji ambao bado una jina la Sultani wa Unguja ingawa uko mbali na bahari. Njia yote hiyo, tunakiri, ndimi zetu hazikumwacha rubani. Mmoja wetu alisema alikuwa mwoga. Mwingine akasema wale hawajali wafiwa. Wa tatu akauliza ina maana gani kujisifia mitambo ya setilaiti ikiwa ukungu wa asubuhi unaishinda. Tuliingia Machakos baada ya isha.

Machakos kwetu si ugenini kabisa. Mji ulipata jina kwa Masaku, kiongozi wa Wakamba, na kabla ya Nairobi kuwa mji, misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika chini ya vilima hivi, kama vile Wakamba walivyokuwa wakishuka Mombasa na pembe za ndovu. Reli ilipojengwa ikaupita mji kando, na labda ndiyo sababu ukabaki na utulivu wake. Shangazi aliolewa huko akiwa msichana, akazoea baridi, akajifunza Kikamba hadi akawa akikosoa cha wengine. Vilima vya Iveti viko juu ya mji, mashamba yamekatwa ngazi ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Asubuhi ukungu hukaa humo kama maziwa bakulini.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, binamu yetu alitwambia twende Kituluni tukapunge upepo. Yeye ni fundi wa ndege, na alikuwa ameyasikia tuliyokuwa tukiyasema jikoni.

Kituluni, nje ya mji, kuna mahali paitwapo Kyamwilu. Wengi wenu mmepaona katika picha: barabara inayoonekana wazi kwamba inapanda, na maji yakimwagwa juu yake yanakwenda kule kunakopanda. Binamu alizima gari, akaliondoa gia, akaachia breki. Gari likaanza kusogea, taratibu kisha kwa haraka, kuelekea juu. Watoto waliokuwapo wakacheka kwa mshangao wetu. Wenyeji wana hadithi zao kuhusu mahali hapo, na hatukuona haja ya kuwabishia.

"Dada zangu," binamu akasema, "gari halipandi. Linashuka. Vilima vya pande zote vimeegemea kwa namna ambayo macho hayapati mstari ulionyooka wa kulinganishia, basi yanajitungia wao." Akatoa chombo kidogo cha fundi mwashi chenye pofu la hewa ndani ya maji, akakiweka barabarani. Pofu likakana yale ambayo macho yetu sita yalikuwa tayari kuyaapia.

"Sasa," akasema, "mwondoleeni rubani hata hivyo vilima. Mwekeni ndani ya wingu."

Mtu aliye ndani ya wingu hawezi kujua kwa macho wala kwa mwili kama ndege imelala upande au imenyooka. Maji ya sikio la ndani, ambayo hutupa mizani yetu, huzoea mzunguko wa polepole na kuuhesabu kuwa utulivu. Ndiyo maana marubani hufunzwa kuviamini vipimo na kuikanusha nafsi. Nchi hii imelipa gharama ya milima na mawingu. Mwezi wa Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, wakafa wote 20. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kusuluhisha watu Marsabit ilianguka vilimani penye ukungu. Kati ya watu 17, walikufa 14.

Kutoka Iveti siku ikiwa safi mtu anaweza kuona kaskazini mlima uliosimama peke yake, Ol Donyo Sabuk, ambao wengi wanauita Kilimambogo. Una mita zipatazo 2,145, na uko katika kaunti hiihii ya Machakos. Ukiuvuta mstari wa njia ya kutulia ya Embakasi kuelekea kaskazini-mashariki, unakwenda karibu moja kwa moja hadi mlimani hapo, kiasi cha kilomita 40. Ndege yetu ilitokea upande huo.

Njia yenyewe haionekani. Ni mfululizo wa nukta angani, kila moja ikiwa na jina la herufi tano, zilizoandikwa katika kompyuta ya ndege. Setilaiti, zisizopungua 24, huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake bila kukoma. Ndege hupima kuchelewa kwa matangazo hayo, na kwa setilaiti nne inajua ilipo. Ya tano ni shahidi: ikiwapo, ndege inaweza kutambua kwamba mmojawapo anasema uongo. Ya sita ikiwapo, inaweza kumjua mwongo ni yupi na kumtupa nje. Ushahidi ukipungua, chombo hupiga kelele na rubani huacha kutua. Utaratibu huu, ulio makini zaidi, ulianza kutumiwa na mashirika ya abiria mwaka 1996 huko Juneau, Alaska, ambako uwanja umebanwa na milima na bahari. Siku hizi tunajua pia kwamba matangazo hayo yanaweza kuvurugwa kwa makusudi. Tangu 2023 marubani wapitao Mashariki ya Kati wamekuwa wakiripoti kuonyeshwa mahali wasipokuwapo.

Zamani zaidi njia ilikuwa ngazi: shuka hadi hapa, ngoja, shuka tena. Tarehe 28 Septemba 1992 ndege ya Pakistan iliyokuwa ikiingia Kathmandu ilitangulia ngazi moja, kila mara ikiwa chini kuliko ilivyopaswa, mpaka ikagonga mlima na watu wote 167 wakafa. Njia ya setilaiti huifanya ngazi kuwa mteremko mmoja, takriban futi 300 kwa kila maili ya baharini.

Tulidhani hapo binamu amemaliza, na kwamba setilaiti imemaliza kazi. Yeye akatikisa kichwa. Katika njia nyingi za namna hii, alisema, setilaiti huonyesha kushoto na kulia, bali kimo hutoka kwa kanieneo ya hewa, na kipimo cha hewa ya siku hiyo hutolewa kwa mdomo na mwongozaji aliye ardhini. Tarehe 23 Mei 2022, karibu na Paris, mwongozaji alitaja 1011 badala ya 1001. Kwa tarakimu hiyo moja ndege ilijiona iko juu kwa futi 280 hivi kuliko ukweli. Waliifuata njia yao barabara, vipimo vyote vikiwaridhia, na waliporuka tena walikuwa wamebakisha futi 6 tu kutoka ardhini. Na Nairobi kwenyewe, mwaka 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 iliagizwa ishuke hadi futi 7,500. Waliokuwa ndani wakasikia 5,000. Uwanja wa Embakasi uko futi 5,330 juu ya bahari. Wale watu walikuwa wakishuka kuelekea kimo kilicho chini ya udongo. Walitoka kwenye wingu, wakaiona ardhi, wakainua ndege ikiwa imebaki futi 70 hivi.

Hapo ndipo tulipolielewa neno la rubani wetu, "kipimo nilichoruhusiwa." Setilaiti haimfikishi mtu hadi chini. Inamfikisha kwenye kimo kilichoandikwa, futi mia kadhaa juu ya ardhi, na hapo inamwuliza: unaiona njia? Asipoiona lazima apande, hata kama abiria wana msiba, hata kama moyo wake unamwambia kwamba njia iko pale pale.

Mmoja wetu alikumbusha kwamba hata neno lenyewe, rubani, ni letu la baharini. Babu zetu walimwita hivyo mtu ajuaye miamba ya mlango wa bandari kabla hapajakuwa na ndege. Ahmad ibn Majid wa Oman aliandika katika karne ya 15 kuhusu kusafiri kwa nyota na kuhusu pwani yetu. (Wapo wanaoshikilia kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wanazuoni wengi hawakubali.) Nahodha aliyefika mlangoni usiku wa giza hakuingia. Alikaa nje, akavumilia mawimbi hadi alfajiri, na waliokuwa wakimngoja ufukweni wakangoja.

Jioni tulikwenda makaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu, na mtu alikuwa amepanda kijiti cha mrehani upande wa kichwani. Tulimwomba shangazi radhi kwa kuchelewa, kisha, kwa aibu kidogo, tukaomba maghufira kwa yale tuliyomsema mtu tusiyemjua hata jina. Katika khitma ya usiku tukamtia naye katika dua. Binamu aliitikia amina, akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akatuuliza kama bado tunataka kurudi kwa ndege.

Tukamwambia atukatie tikiti, ila si ya alfajiri.